Mzee Hajasahau Wimbo

Mpiga ilimba mmoja, mzee wa zaidi ya miaka sabini kutoka katika kijiji kimojawapo cha Chamwino, alikuja katika kliniki yetu ya masikio, pua na koo akiwa na malalamiko ambayo sikufundishwa namna ya kuyaandika katika faili. Hakusema kwamba hasikii. Alisema ilimba yake imekauka. Vyuma ni vilevile, sanduku ni lilelile alilolichonga kwa mkono wake, na ule utando wa buibui unaobandikwa juu ya tundu la sanduku alikwisha kuubadilisha mara tatu katika mwezi mmoja. Lakini mvumo unaopaswa kuifuata kila sauti haukuwapo tena. Wajukuu wake walimwambia kwamba mvumo upo. Yeye aliamini kuwa wanamficha jambo kwa sababu ya heshima.

Nilipompima, masikio yote mawili yalitoa picha moja. Sauti nzito alizisikia karibu kama kijana. Kuanzia mitetemo 3,000 kwa sekunde kwenda juu, mstari wa kipimo uliporomoka. Na huko juu ndiko mvumo wa utando wa buibui unakoishi. Chuma cha ilimba kinapobonyezwa na kuachiwa kwa kidole gumba hutoa sauti ya msingi iliyo nzito, pamoja na sauti nyingine nyembamba zinazoipanda mgongoni. Utando hutetemeka pamoja nazo na kuongeza ukwaruzo mwembamba, ambao kwa Wagogo si dosari ya ala bali ndio uhai wake. Uzee ulikuwa umemnyang'anya mzee sehemu hiyo tu. Wajukuu walisema kweli, na mzee naye alisema kweli.

Ninayaandika makala haya kwa sababu naamini kwamba malalamiko kuhusu muziki ni dalili ya ugonjwa kama zilivyo dalili nyingine, na yanastahili kuandikwa, kupimwa na kutibiwa. Tena naamini kwamba kwa mtu aliyelelewa katika muziki, malalamiko hayo huweza kuwa dalili ya kwanza, na kwa muda mrefu dalili ya pekee, kwa kuwa ustadi wake huzificha dalili zilizobaki.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo ya udaktari, mama mmoja mzee aliyekuwa akiwaongoza wanawake wa muheme aliniambia kwamba siku hizi akiwa katikati ya ngoma sauti za wenzake zinamchanganya. Hajui nani ameingia wapi. Nilimpima shinikizo la damu, nikamwandikia vitamini, nikamwambia, "Ni umri tu, bibi." Sikuyatazama hata masikio yake. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka, hakurudi.

Laiti ningalimsikiliza kama mtaalamu anayemsikiliza mtaalamu mwenzake. Mwongoza ngoma anapokwambia kwamba hawezi tena kuzitenganisha sauti, anakupa taarifa iliyo sahihi kuliko ile tunayoipata kwa kumwuliza mgonjwa "Unasikia vizuri?" Swali hilo karibu kila mzee hulijibu "Ndiyo", hasa akiwa ameliona kinywani mwako zaidi ya kulisikia.

Tuangalie kinachotokea ndani ya sikio. Ndani ya koklea, kile kifuko kilichojikunja kama konokono, mtu huzaliwa na seli zenye vinywele zipatazo 15,000. Hazizidi hapo, na zikifa hazizaliwi nyingine. Zile zilizo karibu na mlango wa koklea hupokea sauti nyembamba. Zile zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito. Zinazotangulia kufa ni za mlangoni. Ndiyo maana uziwi wa uzeeni hauji kama giza linaloingia chumba kizima, bali huanza upande mmoja wa chumba. Kijana mwenye afya husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Miaka inavyopita, upande wa juu hupungua polepole kiasi kwamba mwenyewe hana siku anayoweza kuitaja kuwa ndipo tatizo lilipoanza.

Katika lugha yetu jambo hili lina sura yake. Irabu zimo katika sauti nzito, na zina nguvu. Konsonanti kama s, f, t na k ni nyembamba na dhaifu. Mzee husikia kwamba umesema neno lenye "aa", lakini kama ni saa, taa, kaa au faa, hilo analikisia kwa kuyatazama midomo na kwa kufuata maana ya mazungumzo. Akikisia vibaya mara mbili au tatu mbele ya wageni, watu huanza kunong'ona kwamba akili imechoka. Katika ngoma ni vivyo hivyo: mpigo wa muheme humfikia wote kifuani, ilhali njuga miguuni mwa wachezaji zinafifia, na maneno ya wimbo yanayeyuka na kubakiza lahani peke yake.

Lakini kufa kwa seli hakutoshi kueleza alichokuwa akikieleza yule mama wa muheme. Mtu hasikii kwa koklea peke yake. Sauti ikishageuzwa kuwa ishara za neva, ubongo hutegemea ishara hizo zifike kwa wakati kamili, kama watwangaji watatu wa kinu kimoja ambao wakipishana vibaya kidogo tu michi hugongana. Umri huuvuruga mpangilio huo hata kwa mtu ambaye kipimo chake cha kawaida bado ni kizuri. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uingereza, Oliver Bones na Christopher Plack, walionyesha kwamba watu wa umri mkubwa huiona tofauti ndogo zaidi kati ya sauti zinazopatana na zisizopatana kuliko vijana, na kwamba ishara za neva zinazobeba mapatano hayo nazo zimedhoofika. Kwa maneno mengine, utamu wa sauti zilizounganika hupungua makali, na uchungu wa zile zinazogombana nao hupungua. Mzee anayesema "nyimbo za siku hizi zote ni sawa" pengine hatoi hukumu juu ya vijana. Pengine anaueleza mwili wake.

Je, mafunzo ya muziki yanabadilisha chochote? Hapa pana utafiti ambao huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Benjamin Zendel na Claude Alain, wakiwa Kanada, waliwapima watu 163 wenye umri wa kuanzia miaka 18 hadi 91: wanamuziki 74 na wasio wanamuziki 89. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yana pande mbili, na mara nyingi upande wa kwanza husahauliwa. Katika kipimo cha kawaida cha usikivu, kile cha milio safi inayopungua nguvu hadi isisikike, wanamuziki hawakuwa na nafuu yoyote. Sikio lao lilizeeka kama sikio la jirani yao. Nafuu ilionekana katika kazi zinazofanywa na ubongo: kuitambua sauti iliyopotoka kidogo ndani ya mseto, kuubaini ukimya mfupi katikati ya sauti, na hasa kuyaelewa maneno penye kelele. Katika kazi hii ya mwisho, mwanamuziki wa miaka 70 kwa wastani alifanya sawa na asiye mwanamuziki wa miaka 50.

Miaka ishirini si kidogo. Hata hivyo sipendi tuichukue takwimu hii kama tangazo la dawa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba muziki ndio uliosababisha nafuu. Yawezekana waliojaliwa ubongo mzuri wa kusikiliza ndio wasioacha muziki. Na tafiti nyingine zilizowalinganisha wanamuziki vijana na wenzao hazikukubaliana zote. Ninachokubali mimi ni kile kilicho wazi zaidi: kwamba sikio na ubongo huzeeka kwa njia mbili tofauti, na kwamba ustadi uliojengwa tangu utotoni huusaidia ubongo kuzijaza pengo za sikio.

Linalonisumbua ni namna utafiti huo ulivyompata "mwanamuziki". Alitakiwa awe ameanza mafunzo kabla ya kutimiza miaka 16, awe na walau miaka sita ya masomo rasmi au yaliyo sawa nayo, na awe anaendelea kupiga hadi siku ya kupimwa. Kigezo hicho kinafaa Toronto. Tukikileta Ugogoni kama kilivyo, na kuuliza katika dodoso "Umesoma muziki kwa miaka mingapi?", mzee wangu wa ilimba ataandikiwa sifuri. Mtu aliyeanza kuimba akiwa mgongoni mwa mama yake, aliyefundwa nyimbo za jando, aliyesimama miaka hamsini katikati ya sauti nne au tano za nindo akiishika yake bila kuiachia, ataingizwa katika kundi la wasio na mafunzo! Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doda mkoani Dodoma na kufariki mwaka 2003, alikuja kuwa mwalimu chuoni Bagamoyo na kurekodiwa Uingereza kwa ujuzi uliotoka katika mila hiyohiyo. Haukuwa ujuzi mdogo kwa kuwa haukuwa na cheti.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, maana mimi mwenyewe nilililetea eneo hili sikio lisilo lake. Nililelewa katika kwaya ya kanisa, nikafundishwa do, re, mi, na nilipohamia Dodoma na kuzisikia sauti za Wagogo kwa mara ya kwanza nilidhani baadhi zimeshuka. Hazikuwa zimeshuka. Wataalamu wa muziki wa Afrika wameeleza kwamba ngazi ya sauti za Wagogo imejengwa juu ya sauti za asili zinazojitokeza ndani ya sauti moja, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Na ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi moja ya nusutoni. Sikio langu lilikuwa limefundishwa kuliita kosa jambo ambalo sikio la Mgogo limefundishwa kulitafuta. Mafunzo, basi, si suala la kuwa nayo au kutokuwa nayo tu. Yanaamua pia ni nini kitakachosikika kuwa sawa, na kwa hiyo ni nini mgonjwa atakachokikosa siku kitakapopotea. Daktari asiyelijua hilo hataelewa analoambiwa.

Sasa narudi katika lile la ustadi kuficha ugonjwa, kwa sababu ndilo lenye madhara. Mzee aliyezoea kuitenga sauti moja kati ya nyingi anakuja kliniki, anaketi mita moja kutoka kwa mhudumu katika chumba tulivu, anaitikia salamu, anajibu maswali. Tunaandika: usikivu wa kawaida. Tunamrudisha nyumbani na upungufu ambao ubongo wake unaulipia gharama kila saa, na akifika jioni amechoka bila kujua sababu. Ubongo hauwezi kuulipa deni hilo milele. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya 25% ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa usikivu unaowalemaza. Na Tume ya jarida la Lancet, mwaka 2020, iliuweka upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo 12 yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni na ambayo yanaweza kurekebishwa. Mzee akiacha kwenda ngomani kwa aibu ya kukosea, anapoteza kwa pamoja mazoezi ya ubongo, marafiki, na mahali pake katika jamii.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilituwekea msingi wa kuwapa wazee kipaumbele, na katika vituo vingi leo lipo dirisha lao au kiti chao cha mbele. Ni jambo jema. Lakini dirishani hapo tunapima presha, tunauliza kisukari, tunatazama macho. Sikio linasubiri mpaka mgonjwa alalamike. Napendekeza swali moja tu liongezwe, na liulizwe kila mahali pa nyanda hizi, kuanzia Kongwa hadi Manyoni: "Muziki unausikia kama zamani?" Kwa Mgogo ni ilimba au nindo, kwa mwingine ni kwaya, kaswida, au redio. Atakayejibu "umebadilika", aangaliwe masikio siku hiyohiyo.

Kuangalia si anasa ya hospitali za rufaa. Mara nyingi kinachoonekana ni nta iliyojaa na kukauka, ambayo muuguzi aliyefundishwa huitoa kituoni hapohapo na mzee akaondoka akisikia. (Mwacheni mzee asijichokoe kwa kijiti cha kiberiti wala unyoya wa kuku, nimetoa vyote viwili.) Aulizwe pia kuhusu sindano alizowahi kuchomwa: kanamaisini kwa kifua kikuu sugu imewaachia watu wengi uziwi, na jentamaisini nayo hudhuru sikio ikitumiwa isivyopaswa. Kisha, kama kuna shaka, apelekwe akapimwe kwa mashine.

Kwa familia nina neno moja, nalo ni kinyume cha mazoea. Msimpigie kelele. Sikio la uzeeni lina tabia ya ajabu: sauti ndogo haliisikii, na sauti kubwa linaiona kuwa kubwa kupita kiasi, kwa sababu nafasi kati ya "sisikii" na "unaniumiza" imekuwa finyu. Mkaribieni, mtazameni usoni, semeni polepole. Na katika ngoma, msimwondoe, mgawieni kazi. Yule mzee wangu bado aliweza kuzilinganisha sauti za msingi za vyuma vyake, kwa kuwa zimo katika eneo ambalo usikivu wake ni mzima. Kuuhukumu utando ndiko kulikomshinda. Nilimshauri kazi ya kulinganisha abaki nayo mwenyewe, na ya utando amwachie mjukuu. Alicheka, kisha akasema kwamba mjukuu huyo hana subira.

Vijana nao wasidhani makala haya hayawahusu. Mipaka ya usalama inayokubalika ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu, hata kufikia desibeli 100 muda uliobaki ni dakika 15. Spika za harusi na za mikutano hapa mjini hufika huko bila taabu, na wanakwaya husimama mbele yake tangu asubuhi hadi alasiri. Seli watakazozihitaji wakiwa na miaka 70 wanazitumia wakiwa na 20, na mafunzo ya muziki hayatazirudisha.

Kuhusu vifaa vya kusaidia kusikia, yaani shimesikio, ukweli ni mgumu. Duniani kote ni 17% tu ya wanaoweza kunufaika navyo ndio wanaovitumia. Tena vifaa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, si muziki. Yule mzee alipofungiwa cha kwake, alikuja na ilimba kama nilivyomwomba, akaketi kwenye kona ya chumba cha vipimo na kupiga. Kila alipopiga chuma kirefu na kukiacha kilie, kifaa kilidhani sauti ile ni mluzi wake chenyewe, kikaizima. Mzee alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Ilitubidi tuzime kinga ya mluzi, tupunguze namna kifaa kinavyozibana sauti kubwa, na kumwekea mpangilio wa pili wa muziki anaoubadilisha kwa kitufe. Ilichukua karibu saa nzima, na foleni nje ilinung'unika. Sijutii saa hiyo, na ningependa kila mtaalamu anayefunga vifaa hivi amwambie mgonjwa mwanamuziki aje na ala yake.

Alipiga tena. Safari hii alikaa kimya muda mrefu, kichwa kimeinama juu ya sanduku, kidole gumba kikirudia chuma kilekile. "Upo," alisema, akimaanisha mvumo. Kisha akauliza betri inadumu siku ngapi. Nikamwambia wiki moja, au mbili akiwa mwangalifu. Akauliza kama zinauzwa Chamwino. Nikamwambia hapana, kwa sasa ni lazima azifuate mjini, na akaanza kuhesabu nauli.